Chupa ya maji inaruka kwenye baiskeli nikipita rasta: kosa ni la kishikio, la chupa au la upepo wa tairi?

#1 Mwendo_Pole (Dar)

Wakuu, salaam.

Jumapili alfajiri kundi letu hutoka Mwenge, tunapiga Bagamoyo na kurudi. Lami iko vizuri, ila mnazijua zile rasta, vituta vidogo vya mfululizo, kabla ya vivuko vya wanafunzi. Jumapili iliyopita tumeingia kwenye rasta za kijiji kimoja huku tunateremka, mwendo kama 40 kwa saa. Chupa yangu ikachomoka kwenye kishikio, ikadunda lami, ikaenda kuingia chini ya gurudumu la dada aliyekuwa nyuma yangu. Akaanguka. Mungu mkubwa, kachubuka kiwiko na goti tu, na lori lililokuwa linakuja lilikuwa bado mbali.

Chupa ni ya kawaida ya maji ya dukani, nusu lita. Kishikio ni cha alumini, nilikikuta kwenye baiskeli nilipoinunua mtumba. Tairi ni la upana wa milimita 25, upepo 100 psi.

Kwenye kundi mmoja anasema kosa ni chupa, wa pili anasema kishikio, wa tatu anasema nimejaza upepo mno. Naomba wenye uzoefu mnieleze: chupa inaruka kwa sababu gani hasa? Sitaki mtu aanguke tena kwa ajili ya maji yangu.

#2 Spoki36

Pole kwa dada yetu.

Kosa ni chupa. Vishikio hivi hutengenezwa kwa chupa ya baiskeli, ambayo kipenyo chake ni milimita 73 au 74. Chupa ya nusu lita ya dukani ina kama 65. Hapo kishikio hakibani chochote, kimeiegemeza tu.

Halafu iangalie vizuri chupa ya baiskeli. Juu kidogo ya katikati ina mfereji unaoizunguka. Ule ulimi wa juu wa kishikio unaingia mle na kufunga kama komeo. Chupa ya dukani haina mfereji mahali hapo. Hata ukikikunja kishikio kikabana, ulimi unateleza tu.

#3 Fundi_Mlandege (Iringa)

Mimi ni fundi na nampinga Spoki. Baiskeli nyingi zinazoletwa bandani kwangu kwa shida hii, ukitikisa kishikio kwa mkono kinacheza. Bolti zimelegea. Kishikio kikicheza kinapiga chupa kila ukipita shimo, mwisho kinaitoa. Mwenye baiskeli yeye anaona chupa tu imeruka.

Mwendo_Pole, kabla hujatoa hela, toa chupa, shika kishikio, kitikise. Kikicheza, chukua alenki (ufunguo wa pembe sita) namba 4, ukaze bolti zote mbili. Ni bolti za M5, tundu zake zinaachana sentimita 6. Usitumie nguvu ya kukaza ekseli. Nati zake ni zile zilizobanwa ndani ya chuma cha fremu, ukilazimisha inaanza kuzunguka na bolti na hutaitoa tena kirahisi.

#4 Mkaa_Ngong (Nairobi)

Ndugu zangu wa Bongo mnahangaika na milimita na kuna blada! Kata kipande cha tyubu iliyokufa, upana wa vidole viwili, kizungushe kwenye kishikio pale chupa inapogusa, kisha kipande kingine kipite juu ya bega la chupa kama mkanda. Nimeshuka Ngong kwenda Kiserian kwa barabara ya mawe na chupa haijasogea. Bei yake ni kumsalimia fundi.

#5 Spoki36

Fundi, tundu haziachani sentimita 6, ni milimita 64. Inaonekana kitu kidogo, ila kuna jamaa aliwahi kutoboa kishikio cha bati kwa kipimo cha 60, akalazimisha bolti ya pili iingie kwa upande, akaharibu nyuzi za nati. Kwa wanaotengeneza vyao nyumbani, shikeni 64.

Mkaa_Ngong, blada ni nzuri lakini hujasema unakunywaje ukiwa kwenye mwendo. Mkanda ule juu ya bega unataka mikono miwili.

#6 Mkaa_Ngong (Nairobi)

Nasimama nakunywa. Haraka ya nini?

#7 Fundi_Mlandege (Iringa)

Asante Spoki, 64. Hoja yangu ya bolti haijaguswa lakini.

Blada naiunga mkono, hasa kile kipande cha ndani. Kinafanya kazi mbili: kinaongeza unene ili chupa nyembamba ibanwe, na raba haitelezi kama alumini. Ila osha ile poda nyeupe iliyomo ndani ya tyubu kabla ya kuifunga. Poda ile inatelezesha.

#8 Mzee_Phoenix (Tabora)

Wanangu, nawasoma. Phoenix yangu haina hizo tundu za bolti na sijawahi kupoteza maji. Dumu la lita tatu liko nyuma kwenye keria, limefungwa mpira msalaba. Njia ya kwenda Sikonge ilipokuwa vumbi tupu, mashimo na mchanga, dumu halikutikisika.

Kosa lenu ni mahali mnapoweka maji. Mnayaweka katikati ya miguu, kwenye chuma chembamba, yameshikwa na kijiwaya. Mzigo unakaa kwenye keria.

#9 Dada_Rimu (Dodoma)

Shikamoo Mzee Phoenix. Hao wa Bagamoyo baiskeli zao hazina keria, wameng'oa hadi kengele kupunguza uzito. Ukiwaambia wafunge dumu watalia.

#10 Mzee_Phoenix (Tabora)

Marahaba binti. Basi wabebe kiu.

#11 Kibongo_Tri (Dar)

Nyuma ndiko kubaya kuliko kote, Mzee, kama hakuna mpira wa kufunga. Sisi wa mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia tuna vishikio vinavyokaa nyuma ya siti, chupa mbili zimeinama. Ukigonga tuta zinatoka kama zimepigwa manati. Gurudumu la nyuma likirushwa, siti nayo inapanda kwa nguvu, na chupa ziko nyuma yake kabisa. Mwaka juzi nilimaliza sehemu ya baiskeli sina hata tone, na jua la saa sita juu.

Niliyoyafanya baada ya hapo: nimenunua vishikio vya plastiki vinavyobana hadi inabidi uvute kwa nguvu, nimevisimamisha ili mdomo wa chupa uelekee juu badala ya kulala nyuma, na nimezungusha raba bendi nene. Tangu hapo chupa zimetulia. Kilichosaidia kati ya hivyo vitatu siwezi kukitaja, nilivifanya kwa pamoja.

#12 Mama_Pedali (Arusha)

Nafundisha fizikia sekondari na ninaendesha kwenye njia za vumbi, nitajaribu kulieleza lenyewe.

Gurudumu likipanda rasta, baiskeli inarushwa juu, na chupa inarushwa pamoja nayo kwa sababu imekalia kitako cha kishikio. Mpaka hapo hakuna shida. Shida inakuja sehemu ndogo ya sekunde baadaye. Baiskeli inasimamishwa ghafla na uzito wako, miguu na mikono yako inaikandamiza irudi chini. Chupa haina wa kuikandamiza. Inataka kuendelea na safari yake ya juu, na kinachoizuia ni mbano wa kishikio na ule ulimi tu.

Kwa hiyo mambo manne yanagombana pale: baiskeli imerushwa kwa kasi gani (mwendo na upepo wa tairi), chupa ina uzito gani, kishikio kinabana kiasi gani, na chupa imeelekea wapi. Mbano wa kishikio hauongezeki ukiongeza maji. Chupa ya lita moja iliyojaa inataka mbano mkubwa mara mbili kuliko ya nusu lita, kwa rasta ile ile. Ndiyo maana wengi hupoteza chupa mwanzo wa safari, zikiwa bado zimejaa.

Kuhusu mwelekeo: chuma cha siti kimesimama zaidi, kwa hiyo chupa yake inarushwa sawasawa na njia yake ya kutokea. Chuma cha chini, kile kinachotoka shingo ya mbele kwenda kwenye krenki, kimelala zaidi. Chupa yake inapigwa sehemu kwenda juu na sehemu kukandamizwa kwenye kishikio. Ukiwa na chupa moja, iweke hapo.

Mwendo_Pole, 100 psi kwenye tairi la 25 ni juu mno labda kama una kilo 90. Punguza.

#13 Mtazamaji_TV

Hili si la hapa kwetu tu. Chris Froome, yule mzaliwa wa Nairobi, aliwahi kuvunjika nyonga kwenye Tour de France kwa kukanyaga chupa iliyodondoka. Bingwa mara nne anatolewa na kichupa!

#14 Spoki36

Umechanganya watu. Huyo alikuwa Geraint Thomas, na si Tour, ni Giro d'Italia, mbio za Italia, ya Oktoba 2020, hatua ya tatu iliyoishia mlima Etna. Chupa iliyodondoka iliingia chini ya gurudumu lake kabla mbio za siku ile hazijaanza rasmi, akaanguka, akamaliza hatua akiwa ameumia, na siku iliyofuata akajitoa kwa sababu nyonga ilikuwa na ufa. Froome ajali yake kubwa ni ya Juni 2019 huko Ufaransa, alipokuwa anakagua njia, na chupa haikuhusika.

Bingwa mara nne ni kweli: 2013, 2015, 2016 na 2017.

#15 Mkaa_Ngong (Nairobi)

Mtazamaji, Froome wetu muache. Amefunzwa na mwendesha baiskeli David Kinjah kule Kikuyu kwenye njia za matope, chupa angeiruka tu.

#16 Mtazamaji_TV

Sawa, ni Thomas. Hoja inabaki: chupa barabarani inavunja mtu nyonga.

Na mjue mwaka 2021 chama cha dunia cha baiskeli kilikaza sheria ya kutupa chupa nje ya maeneo maalumu. Siku chache baadaye Mswisi Michael Schär akaondolewa kwenye mbio za Flanders, Ubelgiji, kwa kuwarushia mashabiki chupa yake. Watu walimhurumia sana, maana watoto wanazipenda zile chupa.

#17 Lava_na_Lami (Kigali)

Mimi ni mtoto wa Goma, naishi Kigali sasa. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalipofanyika hapa, mara ya kwanza Afrika, nilisimama kwenye kilima cha Kimihurura, pale penye mawe. Wanapanda polepole pale, chupa hazikuwa zinaruka hovyo. Mawe bila mwendo hayatoi chupa. Ni mawe na mwendo kwa pamoja.

Linganisheni na Paris–Roubaix, ile ya kila Aprili kule kaskazini mwa Ufaransa. Mule kuna zaidi ya kilomita 50 za mawe na wanayapita kwa kasi kubwa, maana ni tambarare. Kila mwaka chupa zimetapakaa pembeni. Mafundi wa timu hubandika msasa wenye gundi, ule wa mbao za magurudumu za vijana (skateboard), ndani ya vishikio ili chupa zishike. Wengine hukaza vishikio hadi chupa itoke kwa kuvutwa. Na hao wana chupa za kipimo kamili na vishikio vipya. Kwa hiyo Spoki, kipimo cha chupa peke yake hakitoshi.

#18 Dada_Rimu (Dodoma)

Msasa hautakula chupa?

#19 Lava_na_Lami (Kigali)

Unaila. Kwa timu zile si hoja, chupa wanazo mamia. Kwa sisi wenye chupa moja ya kutunza, raba ya Mkaa_Ngong ni bora. Goma wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, hufunga kidumu chao kwa raba hiyo hiyo kwenye mpini, na barabara za kule ni mawe ya volkano.

#20 Binti_Usambara (Lushoto)

Niongeze jambo ambalo sijaona likitajwa. Huku kwetu watu wengi hupoteza chupa kati ya Lushoto na Mombo, zaidi ya kilomita 30 za kushuka na kona. Wengine wanalaumu kona. Mimi nadhani ni hewa.

Unakunywa Lushoto, chupa inabaki nusu, unafunga kizibo kwa nguvu. Lushoto iko kama mita 1,400, Mombo iko chini yake karibu mita 1,000. Hewa ya Mombo ni nzito zaidi, karibu asilimia 10. Ile hewa uliyoifungia juu inaminywa, chupa ya dukani yenye plastiki nyembamba inabonyea tumboni. Ukiitazama ukifika unaona imekunjamana. Chupa iliyobonyea haibanwi na kishikio.

Nikifika Soni nafungua kizibo kidogo nakifunga tena. Chupa inarudi umbo lake.

#21 Spoki36

Hii ni nzuri, na inamjibu Mama_Pedali. Mama unasema chupa iliyojaa ndiyo inaruka zaidi kwa uzito. Mimi naona kinyume: iliyojaa kuta zake ni ngumu, kishikio kinapata cha kubana. Ya nusu inabonyea hata bila kushuka mlima.

#22 Mama_Pedali (Arusha)

Kwa chupa ya dukani nakubali kuta zinalegea. Kwa chupa ya baiskeli plastiki yake ni nene, haibonyei kirahisi, na hapo uzito ndio unaoamua. Isitoshe ile ya nusu ikilegea uzito wake nao umepungua, sasa lipi linashinda? Mtu apime: chupa ile ile, rasta zile zile, mwendo ule ule, mara imejaa mara nusu. Mpaka hapo mimi na wewe tunabishana tu.

Binti_Usambara, hilo la Soni nitalipeleka darasani. Mfano mzuri kuliko wa kitabuni.

#23 Pepo_za_Muscat

Huku Oman kuna tatizo la joto. Kiangazi tunatoka saa kumi usiku kukwepa jua na bado ukirudi saa tatu asubuhi joto limeshapita 40. Chupa za baiskeli zinakuwa laini, na ukiiminya kunywa mwishoni mwa safari inachelewa kurudi umbo. Hapo ndipo inapotoka.

Nilihamia chupa ya chuma isiyopitisha joto. Maji yakabaki baridi, lakini chuma kwenye kishikio cha chuma kinateleza na kinapiga kelele njia nzima, na chupa yenyewe ni nzito hata bila maji. Ilinitoka kwenye daraja la barabara kuu. Nikarudi kwenye plastiki.

#24 Fundi_Mlandege (Iringa)

Wote mnaongelea chupa kama kishikio ni kitu kisichobadilika. Alumini inachoka jamani. Kila ukichomeka na kuchomoa inafunguka kidogo. Baada ya muda midomo yake imetanuka na hukuona. Ile ya mtumba ya Mwendo_Pole imeshatumika na mtu huko ilikotoka, ikaja kontena, ikatumika tena.

Habari njema ni kwamba alumini inarudishwa kwa mkono. Toa chupa, minya pande mbili za kishikio zisogeleane, kidogo kidogo. Ukiikunja sana mara nyingi inapata ufa pale kwenye kona, itazame hapo. Vile vya plastiki na kaboni usivikunje, vitavunjika. Vikitanuka ni kutupa.

Na wenye Phoenix na baiskeli zisizo na tundu: wapo wanaotoboa fremu. Msitoboe. Tumieni klempu za hosi za maji, mbili, na kipande cha raba chini yake ili rangi isichubuke. Kishikio kinasimama imara kabisa.

#25 Mzee_Phoenix (Tabora)

Fundi, hiyo ya klempu nimeipenda. Mjukuu wangu anaenda shule kilomita nyingi kwa baiskeli, chupa anaiweka kwenye begi inamwagia madaftari. Klempu za ukubwa gani?

#26 Fundi_Mlandege (Iringa)

Mzee, zungusha uzi kwenye chuma cha fremu, kata, nenda nao duka la vifaa vya maji. Watakupa inayolingana. Chukua yenye skrubu ya kukazia, usichukue ya waya.

#27 Nesi_wa_Zamu (Moshi)

Mimi naona mnasahau mdomo wa chupa. Chupa ikikaa chuma cha chini, tope lote la gurudumu la mbele linaishia pale unapoweka midomo. Njia zetu za vijijini zina mavi ya ng'ombe na mbuzi. Mwaka 2008 kule Builth Wells, Wales, waendesha baiskeli wa milimani wengi waliugua kuhara baada ya mbio za kwenye tope, ni bakteria wa kampilobakta. Uchunguzi ulielekeza kwenye tope lenye kinyesi cha kondoo lililowaingia mdomoni.

Kwa hiyo ushauri wa Mama_Pedali wa kuiweka chuma cha chini uende pamoja na kifuniko. Kuna chupa zenye kofia juu ya mdomo. Usipoipata, funika kwa kimfuko safi na raba bendi.

#28 Mama_Pedali (Arusha)

Ni kweli kabisa. Au weka matope-gadi ya mbele, hata fupi. Wa njia za vumbi wengi wanaweka maji kwenye mfuko wa mgongoni wenye mrija, mdomo uko kifuani, tope halifiki. Kwenye mbio kama Migration Gravel kule Mara utaiona sana mifuko ile, na chupa zilizofungwa mkanda kwenye uma wa mbele.

#29 Kibongo_Tri (Dar)

Mfuko wa mgongoni Dar? Mgongo unachemka. Kwa baridi ya Arusha sawa.

#30 Mtazamaji_TV

Picha za Tour za zamani zinaonyesha chupa mbili mbele kabisa kwenye usukani, kwenye vikapu vya chuma. Tope halifiki, na chupa unaiona. Mbona waliacha?

#31 Spoki36

Kilo moja na nusu ya maji juu ya usukani inavuta uendeshaji, hasa ukisimama kupanda. Wenyewe nadhani waliona kuishusha chini kwenye fremu kunatuliza baiskeli. Ila kwa safari ya polepole mjini, ule mfuko wa kitambaa unaofungwa pembeni ya usukani ni mzuri sana. Una kamba ya kukaza, chupa ya dukani inaingia ya saizi yoyote, haitoki hata uruke mtaro. Mafundi cherehani wanakushonea kwa turubai.

#32 Mwendo_Pole (Dar)

Wakuu, asanteni. Nimefanya mliyosema, nimerudi na majibu.

Bolti ya chini ilikuwa imelegea, Fundi. Bolti ya juu imekaza. Kishikio kilikuwa kinacheza upande mmoja.

Nimepima uwazi wake kwa kalipa ya jirani: 71 bila chupa. Chupa ilikuwa 65. Kwa hiyo Spoki naye amesema kweli, haikuwa inabanwa kabisa.

Nimekaza bolti, nimeikunja alumini, nimeweka raba ya ndani kama alivyosema Mkaa_Ngong, nimepunguza upepo hadi 80. Nimenunua na chupa ya baiskeli ya mililita 750. Nikarudi kwenye rasta zile zile peke yangu, bila mtu nyuma. Mwendo ule ule, chupa haikutoka. Nikachukua ile ya dukani nikapita tena: ikapanda karibu nusu lakini haikuchomoka.

Yule dada amepona. Amekubali kurudi Jumapili, kwa sharti nikae nyuma ya kundi.

#33 Dada_Rimu (Dodoma)

Sharti la haki. Na nyie wengine wekeni utaratibu kwenye kundi: anayeona chupa imedondoka apige kelele "CHUPA!" na asishike breki ghafla. Sisi Dodoma tunafanya hivyo, na mwenye chupa haruhusiwi kugeuka kuifuata mpaka wote wamepita. Wengi wanaumia kwa mtu kushika breki ghafla akaokote chupa ya shilingi mia tano.

#34 Spoki36

Umeona ilivyopanda nusu na raba ipo? Kipimo cha chupa na mfereji.

#35 Fundi_Mlandege (Iringa)

Na umeona bolti ilivyokuwa?

#36 Mama_Pedali (Arusha)

Na amebadilisha upepo wa tairi siku hiyo hiyo. Amebadilisha vitu vitano kwa mpigo, sasa kila mmoja wetu anajipa ushindi.

#37 Kaka_Mlima (Mbeya)

Wakuu, nimesoma uzi wote na nimebaki na swali. Chupa yangu ni ya baiskeli, 74 kamili nimepima. Kishikio ni kipya cha plastiki, kinabana hadi nachubuka vidole. Bolti zimekazwa na loktaiti, ile gundi ya kuzuia bolti kulegea. Tairi ni 28, upepo 65. Kiko kwenye chuma cha siti. Bado nikishuka Mlima Nyoka chupa inatoka, na inatoka ikiwa imebaki robo tu, ikiwa imejaa haitoki. Hapo mnasemaje?

#38 Binti_Usambara (Lushoto)

Mlima Nyoka unashuka kimo kikubwa. Umefungua mdomo wa chupa njiani?

#39 Kaka_Mlima (Mbeya)

Mdomo wake ni wa kunyonya, hauzibi kabisa, hewa inapita.

#40 Fundi_Mlandege (Iringa)

Tuwekee picha ya kishikio kwa pembeni, chupa ikiwa ndani. Nataka kuona ulimi wa juu kama unaingia kwenye mfereji au umekaa juu yake. Chupa nyingine mfereji wake uko chini zaidi, ulimi haufiki. Na piga picha ya bolti ya juu, vishikio vingine kichwa cha bolti kinachomoza na kuisukuma chupa nje.